Wakuu, mwenye nyumba kashinda kesi ya chumba cha marehemu bibi huko Mumbai. Rufaa inasimamisha kufukuzwa?

Mtoto wa Upanga
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka, na wenye kejeli wapite pembeni maana usingizi sipati.

Sisi asili yetu ni Kachi, kule India. Babu alikuja Dar enzi za Mwingereza, ila upande wa bibi walibaki Bombay, ndiyo Mumbai ya leo. Huko tuna chumba kimoja, Mumbai ya kusini, ghorofa ya tatu, kwenye chawl ya zamani, yaani jengo la vyumba vya kupanga. Si mali yetu, tumepanga kwa mtindo wao wa pagdi: babu alitoa kilemba cha maana kwa mwenye nyumba, kama wanavyofanya kwenye fremu za Kariakoo, halafu kodi ya mwezi ikawa ndogo mpaka kesho. Ya mwaka mzima hainunui hata sinia la biriani la harusi. Bibi alikaa pale mpaka kufa kwake, mama mdogo akakaa naye, na yeye akafia humohumo.

Sasa mwenye nyumba alitushtaki Mahakama ya Madai Madogo ya huko na ameshinda. Hukumu ya mwezi wa tano inasema tutoke. Juu ya hapo halmashauri ya jiji imebandika notisi kwamba jengo ni bovu, watu wahame.

Swali langu ni moja tu. Nikikata rufaa, kufukuzwa kunasimama kwenyewe au mpaka niombe? Asanteni.

Kiduku Original
Nimeshika siti ya mbele. Waje wajuzi.

Binti Sahare
Pole kaka yangu. Wenye nyumba wa India mimi nawajua. Nilimpeleka baba kutibiwa Chennai, tukapanga chumba karibu na hospitali. Yule mama mwenye nyumba alitukataza kupika samaki ndani, wakati sisi watu wa Tanga bila samaki baba hali. Nikawa nakaanga alfajiri, dirisha wazi, feni inapuliza nje. Siku ya kuondoka kanikata kwenye amana yangu pesa ya "harufu". Wallahi, kaandika hivyo kwenye risiti. Kwa hiyo kesi nao hushindi, malizaneni kwa wema.

Hakimu wa Kijiweni
Mkuu, rahisi hiyo. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 45. Andaa memoranda ya rufaa, lipia, ukimaliza omba zuio. Pesa ya wakili njoo inbox.

Mzee wa Jamhuri Street
Hakimu, mwenzio kasema Mumbai, si Temeke.

Kijana, nikuulize. Babu yako hakuwa na jengo hapa Dar? Maana mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, na Wahindi wengi walipoteza kila kitu. Sisi akina Mswahili ndipo tukaingia mjini, tukawa wapangaji wa Msajili wa Majumba. Nimekulia kwenye nyumba yenye jina la Kihindi limechongwa juu ya mlango pamoja na mwaka, na kodi ilikuwa ya kuchekesha, hadi Msajili alipoingizwa Shirika la Nyumba mwaka 1990. Mama alikuwa anapiga deki zile ngazi za terazo kila Ijumaa, halafu anasema "wenyewe wakirudi wasituone wachafu". Hawakurudi.

Mtoto wa Upanga
Shikamoo mzee. Ndiyo, babu alikuwa na ghorofa mbili zilikwenda mwaka huohuo. Ndiyo maana chumba hiki kinauma, ndicho kilichobaki.

Mzee wa Jamhuri Street
Marahaba. Pole sana.

Msomi wa Pune
Nimesoma sheria Pune, ngoja nijibu alichouliza mtu.

Kwanza, sheria yenu ni ya udhibiti wa kodi ya Maharashtra, jimbo lenye Mumbai, ya mwaka 1999. Rufaa ya kesi ya upangaji Mumbai haiendi Mahakama Kuu moja kwa moja. Inasikilizwa palepale Madai Madogo, na jopo la majaji wawili. Muda ni siku 30 tangu hukumu. Ukishindwa hapo rufaa nyingine hakuna, unabaki na kuomba mapitio Mahakama Kuu ya Bombay, na kule hawasikilizi ushahidi upya. Wanaangalia kama waliokutangulia walikosea sheria.

Pili, rufaa haisimamishi kitu yenyewe. Lazima uombe zuio, na zuio halitoki bure. Tangu Mahakama ya Juu ya India iamue kesi ya Atma Ram Properties mwishoni mwa 2004, jopo linaweza kukwambia: sawa, kaa mpaka rufaa iishe, ila lipa kila mwezi kwa bei ya soko, si kodi yako ya pagdi. Kwa Mumbai ya kusini hiyo pesa ikikupata utajuta kuzaliwa.

Tatu, notisi ya jiji isikutishe peke yake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kwenye kesi iliyotoka Maharashtra hukohuko kwamba jengo likibomolewa haki ya mpangaji haifi, maana kilichopangishwa ni pamoja na ardhi iliyo chini yake. Wenye nyumba wengi wanapenda mpangaji asijue hili.

Sasa nijibu na wewe. Mwenye nyumba alishinda kwa sababu gani? Bibi alipofariki nani alikuwa anaishi naye? Na leo usiku nani analala humo ndani?

Mtoto wa Upanga
Asante sana msomi. Sababu zake ni za kutunga tu, huyu mtu ana pesa na mawakili wakubwa. Bibi alikuwa na mama mdogo kama nilivyosema. Chumba hakijawahi kukaa kitupu hata siku moja. Je, hilo zuio naweza kuomba nikiwa huku Dar?

Msomi wa Pune
Sijauliza kama kiko kitupu. Nimeuliza nani analala.

Mtoto wa Upanga
Kuna familia moja, watu wa Ratnagiri, waaminifu mno. Mume anauza vipuri vya cherehani. Mama mdogo alipofariki tuliona si vizuri chumba kifungwe, wakaingia wakawa wanakitunza. Wanachangia kidogo kila mwezi, binamu yangu anazichukua. Hiyo siyo kupangisha, ni utu.

Msomi wa Pune
Mahakamani utu wenye risiti ya kila mwezi unaitwa kupangisha. Kifungu cha 16 kinampa mwenye nyumba ushindi kwa hilo pekee. Na kinampa ushindi mwingine kama mpangaji mwenyewe hajakitumia chumba miezi sita mfululizo kabla ya kesi bila sababu ya maana. Kwenye urithi una pa kushika: sheria inampa upangaji yule wa familia aliyekuwa akiishi na marehemu, na kama hayupo, mrithi yeyote. Kwa hiyo kama mama mdogo hakuacha mtoto humo, unaweza kusimama kama mrithi. Lakini mrithi anarithi na makosa ya kupangisha.

Mama Wawili Muscat
Mimi naona mnazungumza vifungu tu. Hao watu wa Ratnagiri wana watoto? Wanajua kuna hukumu? Notisi ya jengo bovu imebandikwa na huko ni masika, mvua inanyesha, na nyie mnagombea ufunguo mkiwa Upanga! Mcheni Mungu jamani.

Mtoto wa Upanga
Dada, wanajua. Na jengo si bovu kiasi hicho, ni ile veranda ya nyuma tu imekatika.

Mama Wawili Muscat
Veranda imekatika. Haya.

Nungunungu
CHAI. Nimesoma uzi mzima nikicheka. Moja, hukumu "ya mwezi wa tano", wakati Mei mahakama za Mumbai zinakuwa kwenye likizo ya joto, muulizeni msomi. Mbili, Mhindi gani wa Upanga anaandika Kiswahili cha Manzese hivi? Tatu, ID imefunguliwa wiki hii. Kuna mtu anaandika tamthilia, anataka tumsaidie njama.

Kiduku Original
Hahaha, chai ya tangawizi. Hata mimi nilishangaa biriani ya harusi imefuata nini.

Hakimu wa Kijiweni
Nilijua tu. Ndiyo maana mimi nilijibu kijuujuu.

Binti Sahare
Kwa hiyo nimesimulia habari za baba yangu kwa mtu wa kutunga? Astaghfirullah.

Mzee wa Jamhuri Street
Nungunungu, kuhusu Kiswahili umekosea. Nimecheza gololi na Wahindi wa mjini waliokuwa wanatushinda matusi. Hilo la likizo ndilo alijibu.

Mtoto wa Upanga
Mimi nimezaliwa Dar, nimesoma Dar, mlitaka niandike Kigujarati? Na ID nimefungua mpya kwa sababu ya zamani ndugu zangu wanaijua.

Nungunungu, nikueleze risiti za kodi zilivyo ndipo useme nimetunga. Vijikaratasi vya rangi ya waridi, upana wa kiganja. Jina la babu limekosewa herufi moja tangu ya kwanza na karani akaendelea kulikosea vilevile kila mwezi, na bibi alizitoboa tundu katikati akazitunga kwenye waya wa mwavuli uliovunjika. Hata baada ya babu kufa risiti ziliendelea kutoka kwa jina lake lililokosewa.

Na likizo: hukumu ilisomwa mwezi wa nne. Mei ndipo binamu aliponitumia picha yake WhatsApp.

Msomi wa Pune
Risiti za waridi nakubali, nimeziona kwa wenyeji wangu. Ila umejichoma. Hukumu ya Aprili, leo Julai, siku 30 zimekwisha. Uliomba nakala rasmi? Maana siku za kusubiri nakala zinatolewa kwenye hesabu, kama uliomba mapema.

Mtoto wa Upanga
Bado. Ila si unaweza kuomba kuongezewa muda?

Msomi wa Pune
Unaweza, kifungu cha 5 cha sheria ya ukomo ya 1963. Unaeleza kwa nini ulichelewa na wanaipima sababu yako. Sasa ndiyo nakuuliza: tangu Aprili ulikuwa unafanya nini?

Mama Wawili Muscat
Nami namsubiri. Mtu hakosi usingizi kwa chumba ambacho hajawahi kulala. Kuna pesa hapa.

Kiduku Original
Dada wa Muscat ni CID.

Mtoto wa Upanga
Sikuliandika kwa sababu halihusiani na swali langu, lakini sawa. Baada ya hukumu dalali wa mwenye nyumba alimfuata binamu, wakakubaliana tukabidhi ufunguo kwa amani na wao watupe kiasi fulani. Binamu aliniletea karatasi nikasaini. Sehemu ya pesa nimeshapokea, na nimeshaiweka kwenye kiwanja, haipo. Baadaye nikasikia kuna mjenzi analitaka jengo zima, na hao waliobaki watapewa fleti mpya. Yaani tumepunjwa.

Kwa hiyo rufaa si ya kushinda. Ni ya kumfanya mwenye nyumba aongeze dau. Wakili wa kule anasema inafanyika kila siku, hati ya uwakilishi ameshaiandaa, naipeleka Ubalozi wa India kugongwa muhuri. Na ile karatasi niliyosaini haikusajiliwa wala haina stempu, kwa hiyo naamini haina nguvu. Msinihukumu, nina watoto watatu.

Nungunungu
Naomba radhi kwa mleta uzi. Chai haijawahi kuwa na uroho wa kiasi hiki, huu ni ukweli mtupu.

Binti Sahare
Nilisema malizaneni kwa wema. Kumbe mlishamalizana!

Msomi wa Pune
Mkuu, ungeanza na hili tusingetaja hata kifungu kimoja.

Fikiria jopo linasoma ombi lako la kuongezewa muda. Umeandika labda ulikuwa mgonjwa, au mbali. Wakili wa mwenye nyumba anasimama na karatasi yenye sahihi yako na kumbukumbu ya pesa. Haina stempu, sawa, watabishana nayo, lakini kiapo chako cha kuchelewa kimeshakuwa uongo mbele ya majaji wawili. Unaona unavyotoka hapo?

Kuhusu fleti: majengo ya zamani ya namna yenu yakijengwa upya kwa kanuni za jiji, mpangaji anayetambuliwa hupewa bure angalau futi za mraba 300. Anayetambuliwa ndiyo neno. Ukikabidhi ufunguo jina linatoka kwenye orodha. Kwa hiyo una mawili. Kama ufunguo bado hamjakabidhi, acha kumficha wakili ile karatasi, rudisha pesa, uombe muda kwa kusema ukweli, na ujue suala la watu wa Ratnagiri bado linakusubiri. Au maliza makubaliano, ila yaandikwe na kusajiliwa mahakamani, yasainiwe na pande zote, si na dalali. Kupokea kwa mkono huu na kukata rufaa kwa mkono ule kutakuletea kesi ya pili.

Na hati ya uwakilishi, ikifika India ilipiwe stempu ndani ya miezi mitatu.

Mtoto wa Upanga
Kurudisha haiwezekani, nimesema pesa iko kwenye kiwanja. Na binamu ndiye mwenye ufunguo, simu yangu siku hizi anapokea mkewe. Nitakwenda na wakili wangu, huyu anazifahamu mahakama za kule. Nashukuru kwa michango.

Mama Wawili Muscat
Na watoto wa Ratnagiri?

Mzee wa Jamhuri Street
Hajibu huyo. Keshaamua kabla hajafungua uzi.

Kiduku Original
Mkuu kabla hujaondoka, kiwanja chenyewe kiko wapi? Na una hati?

Mtoto wa Upanga
Kigamboni, ndanindani kidogo. Hati bado, ila nina karatasi ya serikali ya mtaa, imegongwa muhuri na mjumbe alikuwepo. Kwa nini unauliza?