Nalala kama pono, sikumbuki ndoto hata moja. Naombeni ushauri wakuu

Karai la Moto
Wakuu habari za muda huu. Nina miaka 29, niko Dar, nauza chipsi. Mimi nikilala nimelala. Mwaka jana kwa jirani waliingia wezi, mtaa mzima ukatoka na marungu, mimi nikaja kuhadithiwa asubuhi nikipiga mswaki. Alamu naweka kwenye simu mbili, moja naitumbukiza kwenye sufuria tupu ili ipige kelele zaidi, na bado dada yangu wa chumba cha pili ndiye anayekuja kugonga dirisha.

Kuamka kwa shida nimeshazoea. Kinachoniumiza ni ndoto. Baba alifariki mwezi wa pili. Mama kamuota, dada kamuota mara tatu, hadi shemeji ambaye walikuwa hawapatani kamuota kakaa barazani anakula muhogo. Mimi niliyemuuguza, hakuna kitu. Nikiamka ni giza, kama mtu kazima tivii. Sasa nimesikia kuna watu wanaota huku wanajua kabisa kwamba wanaota, mpaka wanaamua waende wapi wakaonane na nani. Kwa usingizi wangu huu inawezekana?

Bahari Shwari
Sufuria tena! Nimecheka hadi mke kaniuliza nasoma nini. Pole kwa msiba mkuu.

Mzee wa Kahawa
Hizo za kuamua ndoto ni stori za vijiweni. Umelala, utajuaje kama unaota?

Bundi Mzee
Mzee wa Kahawa, hilo lilishapimwa. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto mwili unafungwa, mikono na miguu haitii, ila macho yanabaki huru. Mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na muotaji wake, Alan Worsley, kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia. Mashine ikachora zile alama, jamaa yuko usingizini. Baadaye mtafiti mwingine, Stephen LaBerge, naye akafanya hivyohivyo Stanford, Marekani. Na mwaka 2021 yakachapishwa majaribio ambayo mtu aliyelala aliulizwa nane toa sita, akajibu kwa macho: mbili.

Karai, wewe unataka kupanda ghorofani na ngazi huna. Kujitambua weka pembeni, anza na kukumbuka. Kuota unaota. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliona kwamba watu wanaokumbuka sana ndoto wanakaa macho usiku karibu mara mbili ya wasiokumbuka. Ni vile vidakika vya kushtuka na kugeuka upande wa pili, ndipo ndoto inanata. Wewe hugeuki, unakuja kutolewa shimoni na kishindo cha dirisha. Hebu sema unalala saa ngapi?

Karai la Moto
Nafunga saa sita, nioshe karai, nipige hesabu, kitandani saa saba. Saa kumi na moja lazima niwe njiani kwenda Mabibo kuwahi viazi kabla madalali hawajapandisha bei.

Bundi Mzee
Masaa manne tu! Ndugu yangu, pono unamsingizia, hilo ni deni la usingizi. Usiku unaanza na usingizi mzito. Ndoto zinakuja kwa zamu, kila baada ya dakika 90 hivi, na kila zamu inarefuka. Zile ndefu zenye watu na maneno ziko mwishoni, kuanzia saa kumi na kuendelea. Wewe unaondoka shughulini pilau halijapakuliwa. Jumapili unafungua?

Dawa Dirishani
Naingilia kidogo. Usiku unameza chochote? Dawa ya mafua, pombe? Na unakoroma?

Karai la Moto
Jumapili sifungui. Moshi wa mafuta unaniziba pua, huwa nameza piriton mbili nikilala. Kukoroma usiulize.

Dawa Dirishani
Piriton za kila siku ndizo zinakuamsha na kichwa kama gunia. Hiyo pua ikaangaliwe, upewe kitu kisicholewesha. Na dada asikilize usiku mmoja: kama koromo linakatika, kimya, halafu unavuta pumzi kwa kushtuka kama mtu aliyekabwa, nenda hospitali kabla ya habari za ndoto.

Shangazi wa Pangani
Mwanangu pole. Pono sisi huku tunamjua. Wengine usiku wanajifunika ute kama chandarua, wanalala kwenye mwamba wala hawana habari na mtu. Wewe tia udhu, lala ubavu wa kulia, muombee baba yako. Usimkimbize. Na ukianza hayo ya kuzitafuta ndoto alfajiri ujue kuna jinamizi: macho yanafunguka, mwili bado, unaona kitu kimekukalia kifuani. Hujarogwa. Chezesha kidole cha mguu, litapita.

Bundi Mzee
Asante shangazi. Basi Jumapili ndiyo siku yako. Jumamosi funga mapema, kunywa glasi mbili za maji, kibofu kikuamshe badala ya sufuria. Ukishtuka USIINUKE. Usishike simu, usigeuke hata shingo. Jiulize nilikuwa wapi, na nani. Ukipata hata rangi moja, irekodi kwa sauti ndipo uende chooni. Na mchana, kila ukimwaga viazi kwenye mafuta, bana pua ujaribu kuvuta pumzi. Ikiwa mazoea, siku utabana ndotoni na pumzi itapita, hapo ujue unaota.

Karai la Moto
Wiki ya tatu leo, narudi na majibu. Jumapili ya kwanza nilikurupuka, choo chetu kiko nje, nikitafuta ufunguo kila kitu kikayeyuka. Ya pili nikatulia kama maiti, nikapata kipande: namenya viazi, ndani yanatoka mayai. Jana nipo kibandani, wateja siwajui hata mmoja, nikabana pua, PUMZI IKAPITA. Nikajua! Moyo ukaenda mbio, nikaamka palepale. Baba bado. Mnabakije humo ndani?

Bundi Mzee
Furaha ndiyo imekutoa. Siku nyingine usianze kumtafuta mzee. Sugua viganja mpaka usikie joto, tazama kitu cha karibu, kipapase. Ukiona kibanda kinafifia, shika karai.