Nimehamia Newala vijijini, kiangazi hiki mnapika nini?

Mwl_wa_Rombo:
Habarini wadau. Mi ni mwalimu, kwetu Rombo, nimepangiwa kijijini huku Newala. Nimezoea ndizi, maharage na mboga za bustani mwaka mzima, sasa huku mvua zimeshakata, maji tunanunua kwa ndoo, kabichi na nyanya mpaka zije na gari toka Masasi na bei imechangamka. Ila majirani naona wanakula vizuri tu na wala hawahangaiki na kabichi. Nataka nijifunze kupika vya hapa hapa kwa msimu wake. Hivi vimizizi vyembamba wanauza kwa sahani ni nini? Na mbaazi je, na mihogo wanayoanika juu ya paa? Nianzie wapi?

mama_kitangari:
Karibu sana mwalimu. Umekuja wakati mzuri, Julai hii mbaazi mbichi bado zipo, anza na hizo. Nunua zikiwa kwenye maganda, menya, chemsha mpaka ziive ila zisipondeke, tia kitunguu, chumvi na tui jepesi, likishachemka ndo unamimina tui zito huku unakoroga pole pole lisikatike. Ikianza kuwa nzito epua. Nyanya usiweke, yaani mbaazi mbichi ina utamu wake mwenyewe, nyanya inaufunika. Nazi ikikosekana twanga korosho au karanga, inatoka vizuri tu.

Hivyo vimizizi ni ming'oko, ya porini hiyo, inachimbwa kiangazi. Osha mchanga wote utoke, chemsha na chumvi, funika, basi. Chai ya asubuhi na ming'oko ya moto mwalimu utasahau mkate. Ila usiende kuchimba mwenyewe jamani, kuna ndiga nayo ni ya porini na ina sumu, wazee wanaijua kuiloweka siku kadhaa kwa kubadilisha maji, wewe nunua kwa kina mama wanaojua.

Nachingwea_damu:
Hapo kwenye muhogo naomba usipapite haraka mwalimu. Ile ya kwenye paa ni makopa, tunatwanga unga wa ugali. Mihogo mingi huku ni michungu, ule uchungu ndo dalili ya sumu, na kuanika peke yake hakuitoi yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna watu Mtwara walipooza miguu kwa konzo, ni mambo ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri tena chakula kingine hakuna. Kwa hiyo unga wako ulowanishe na maji, tandaza mwembamba kwenye ungo au turubai, acha juani masaa mawili au kivulini matano, sumu inaondoka na hewa, halafu songa ugali siku hiyo hiyo. Kisamvu nacho twanga hasa, chemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi.

Mwl_wa_Rombo:
Asanteni sana aisee, mama nimeelewa, kesho sokoni ni mbaazi. Na zikiisha hizi mbichi?

mama_kitangari:
Zikikauka unaloweka usiku kucha, mapishi ni yale yale. Mwambie jirani akuwekee kunde na njugu mawe. Na mvua zikianza, Desemba hivi, majani ya kunde na ya maboga yanajaa, hayo uchemshe kidogo uanike utunze, kiangazi kijacho hutatafuta gari la Masasi.

kijana_mikindani:
Mmesahau mabibo, yale matunda ya mkorosho! Kuanzia mwezi wa kumi hivi yanaoza chini ya mikorosho watu wanaokota korosho tu, inaniuma sana. Mwalimu yakate, yachemshe kidogo na maji ya chumvi, mwaga hayo maji, ukakasi unapungua, ndo ukamue juisi na uinywe siku hiyo hiyo kwa sababu inachacha upesi. Vaa nguo ya zamani, madoa yake hayatoki. Na korosho yenye ganda usibangue kwa mikono mitupu, mafuta yake yanababua ngozi, paka majivu kwanza, na ukichoma choma nje, simama upande ambao moshi hauendi.

Mwl_wa_Rombo:
Kijana umenisaidia, hapa shuleni mikorosho imetuzunguka. Mwezi wa kumi wanafunzi wangu watakunywa juisi.