Mrejesho: Pua ya Simba iliyokauka na kupasuka

Wakuu, niliwauliza kama pua kavu ya mbwa wangu, Simba, inahitaji daktari. Nimempeleka kwa daktari wa mifugo hapa Entebbe.

Kumbe ukavu peke yake si ugonjwa. Mbwa akiamka usingizini au akishinda juani pua hukauka, halafu hujilowesha kwa kulamba. Kilichomshughulisha daktari ni zile nyufa zenye damu na magamba. Alipima joto (mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 hivi), akakagua nyayo na kuuliza chanjo, maana distempa (ugonjwa hatari wa mbwa unaoletwa na virusi) huweza kukakamaza pua na nyayo pamoja. Simba amechanjwa, nyayo laini.

Nimepewa mafuta ya kupaka. Nampaka kabla ya chakula ili asiyalambe yote. Krimu za binadamu kakataza, hasa zenye zinki, zina sumu akizilamba. Bakuli lake la plastiki nalo nimebadilisha, maana husemwa plastiki huweza kuwasha pua, ingawa hilo nina mashaka nalo.

Nyufa zinafunga. Pua ikianza kupoteza weusi wake, au kamasi litoke tundu moja tu, tunarudi upesi, huenda akakatwa kinyama cha kupimwa. Aliyeshauri nimpake majivu, samahani mzee wangu, sikuthubutu.