Tupeane uzoefu: mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, tangu kufungua shauri hadi kufunga jalada

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mazungumzo mengi kuhusu mirathi huishia pale mahakama inapomteua msimamizi, kana kwamba ile Fomu Namba 4, yaani karatasi ya uteuzi, ndiyo mirathi yenyewe. Ninaomba waliopitia Mahakama za Mwanzo hapa Tanzania watueleze walivyofungua shauri, walivyokusanya mali, na hasa walivyolifunga jalada, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hukwama.

Nianze na letu. Marehemu baba alikuwa Mwislamu na makazi yake ya kudumu yalikuwa Muheza, kwa hiyo suala la mahakama ya kwenda halikutupa taabu: Sheria ya Mahakama za Mahakimu, katika Jedwali lake la Tano, inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, mradi marehemu alikuwa akiishi ndani ya eneo la mahakama hiyo. Tuliombwa cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia wenye majina na sahihi, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji. Kilichotuchelewesha ni majina. Cheti cha kifo kilikuwa na majina matatu, kitabu cha benki mawili, na karatasi za shamba zilibeba jina la utotoni ambalo hata mama alikuwa amekwisha kulisahau. Tulilazimika kwenda kwa kamishna wa viapo kuapa kwamba wote hao ni mtu mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuitisha kikao, wekeni nyaraka zote mezani na mlinganishe majina herufi kwa herufi.

Nyakato

Mleta mada, pole kwa msiba, na ahsante kwa mada. Kwetu mkoani Kagera kikao cha ukoo kilikaa bila mimi mjane kuitwa, na shemeji akapeleka mahakamani muhtasari ambao jina langu halikuwamo kabisa. Nililiona tangazo la mirathi limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji nilipokwenda kufuatilia jambo jingine, nikaenda mahakamani kuweka pingamizi kabla ya siku ya kusikilizwa.

Wanawake wenzangu wajue kwamba Kanuni za Urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 ni nzito kwetu, kwa maana zinasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory lililotoka huku huku kwetu, ilisema mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama anavyoweza mwanamume, lakini kanuni ile ya mjane haikufutwa na hukumu hiyo. Mimi sikusimama kudai urithi. Nilisimama kudai changu: nyumba tuliijenga pamoja, na nilikuwa na stakabadhi za saruji na mabati zenye jina langu, nyingine zimefifia hata hakimu akazisogeza dirishani ili azisome. Alielekeza kwamba mchango wangu utengwe kwanza, kisha kinachobaki ndicho kiitwe mali ya marehemu. Niliteuliwa msimamizi pamoja na shemeji, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuuza kitu bila sahihi ya mwenzake.

Mkaazi wa Same

Naomba niongeze tahadhari kwa familia za Kikristo. Baba yetu alifunga ndoa kanisani na maisha yake yote aliishi kwa taratibu za kanisa. Tulifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa ilikuwa karibu na gharama zake ni nafuu, kaka mkubwa akateuliwa, na mali zikaanza kugawanywa. Ndugu mmoja ambaye hakuridhika alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya zile siku 30, wala hakuhitaji kuzungumzia mgawanyo. Alihoji mamlaka tu. Mwenendo wote ulifutwa, tukaanza upya mahali palipostahili, huku mpangaji wa duka akikataa kulipa kodi kwa sababu hajui msimamizi ni nani.

Siyo kwamba kila Mkristo amefungiwa mlango wa Mahakama ya Mwanzo. Kinachotazamwa ni namna marehemu alivyoishi na alivyokusudia mali yake irithiwe. Wapo waliobatizwa lakini waliishi kimila hadi mwisho. Hilo lijadiliwe na familia mapema, na maelezo yake yatolewe kwa hakimu tangu siku ya kwanza.

Binti wa Pangani

Mleta mada ameuliza kuhusu kufunga jalada, nami nitajibu hapo tu. Niliteuliwa mimi, binti mkubwa, na kaka zangu wawili walikubali bila kinyongo. Kanuni zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, awasilishe Fomu Namba 5 inayoonyesha mali na madeni yote, na baadaye Fomu Namba 6 yenye hesabu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichogawiwa. Muda ukiwa hautoshi, mahakama huweza kuongeza, lakini ni lazima uombe. Kukaa kimya ndiko kunakozaa mashauri ya kutengua uteuzi.

Nilinunua daftari kubwa lenye mistari ya hesabu. Upande mmoja niliandika kodi za vyumba na mauzo ya nazi, upande wa pili madeni ya hospitali, deni la duka la pembejeo na nauli, kila kitu na karatasi yake imebanwa kwa pini. Siku ya hesabu hakimu alisoma kwa sauti mstari kwa mstari na kuwauliza warithi kama wanakubali. Dada yangu alihoji mauzo ya nazi ya mwezi mmoja kuwa madogo mno. Ilipoonyeshwa stakabadhi ya mnunuzi, akatia sahihi.

Mgawanyo wenyewe uliwashangaza wengi. Marehemu aliacha mjane, wana wawili na mabinti watatu, na wazazi wake walikwisha kutangulia. Mama alipata thumni, yaani 1/8. Zile 7/8 zilizobaki, kwa kuwa mwana huhesabiwa mafungu mawili na binti moja, ziligawanywa kwa mafungu 7, na kila fungu likatoka 1/8 kamili. Kila binti alipata sawa na mama, na kila mwana mara mbili yake. Mjomba aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi alirudi nyumbani mapema.

Karani Mstaafu

Wanangu, nimekaa masjala muda mrefu, nami nina mawili ya kusema. Kwanza, muhtasari wa kikao cha ukoo ni utaratibu mzuri unaomsaidia hakimu, lakini kukosekana kwake hakumzuii mwenye maslahi kuomba usimamizi. Ndugu wakigoma kukaa, nenda ukaeleze hivyo. Pili, jalada lisilofungwa ni mlango ulio wazi. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba msimamizi aliyewasilisha hesabu zake na shauri likafungwa hawezi tena kutenguliwa, kwa kuwa hakuna usimamizi uliobaki wa kutengua. Asiyewasilisha anaweza kuburuzwa na mjukuu ambaye leo hajazaliwa.

Mleta mada

Shikamoo mzee, nimekuelewa. Shamba letu lina hati. Je, jina la msimamizi likiingia kwenye hati, si ndiyo limekuwa lake?

Karani Mstaafu

Marahaba. Ofisi ya ardhi humsajili kwanza msimamizi, lakini kwa maneno kwamba anashika kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Hatua ya pili ni yeye kuhamisha kwenda kwa warithi kulingana na mgawanyo. Ombeni nakala iliyothibitishwa ya Fomu Namba 6 kabla jalada halijapelekwa kuhifadhiwa, kwa sababu mtakapofika ardhi mtaulizwa nani amepata nini, na kulitafuta jalada la zamani ndani ya masjala ni kazi ninayoijua.

Nyakato

Na mjane aende mwenyewe siku hiyo ya ardhi, asitume mtu.