Pikipiki inazima nikiachia mafuta

Mimi, 9:12
Shikamooni wakubwa. Naombeni msaada wa pikipiki. Inawaka vizuri, lakini nikiachia mafuta tu inashuka, inatetemeka, inazima. Nikiwa mwendoni haina shida yoyote. Shida ni kusimama.

Kaka, 9:14
Sailensi iko chini hiyo, yaani ule mzunguko wa injini ukiwa umeachia mafuta. Ubavuni mwa kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, kuna skrubu yenye springi, izungushe kulia mpaka itulie. Kazi ya dakika moja.

Mimi, 9:17
Nilishaizungusha jana kaka, raundi mbili nzima. Ikiwa ya baridi ikatulia. Ilipopata moto ikaanza kunguruma kama nimeshikilia mafuta, hata gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Nikairudisha, ikazima tena.

Mama, 9:18
Na ikikuzimia katikati ya makutano mwanangu? Usitoke nayo kwanza.

Mimi, 9:19
Sitoki nayo mama.

Mjomba, 9:40
Marahaba mpwa wangu, sikuwa na simu karibu. Skrubu usiiguse tena kwa sasa. Niambie mambo mawili. Kabla tatizo halijaanza, ilikaa muda gani bila kuwashwa? Na ukivuta choki inakuwaje?

Mimi, 9:43
Ilikaa kama miezi miwili na nusu, nilipoumia mguu. Petroli ni ile ile iliyokuwemo. Choki ngoja nijaribu.

Mimi, 9:51
[Sauti]
Mjomba, inatulia! Choki nikiiweka nusu inakaa yenyewe, nimeiacha dakika tano haijazima. Nikiirudisha, inakata.

Mjomba, 9:55
Umeshanipa nusu ya jibu. Choki kwenye kabureta ya aina yako inabana hewa, kwa hiyo injini inapata petroli nyingi kuliko kawaida. Ikitulia kwa choki, maana yake bila choki petroli haitoshi au hewa imezidi. Basi ama jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, imeziba, ama kuna hewa inayopenya pembeni, kati ya kabureta na injini. Plagi na koili, yaani upande wa cheche, tusiziguse kabla ya hayo mawili.

Kaka, 9:57
Lakini mjomba, jeti ikiziba si ingekosa nguvu hata mwendoni?

Mjomba, 10:02
Umeuliza vizuri. Jeti ni mbili. Ile ndogo hulisha injini ukiwa umeachia mafuta, au umeyafungua kidogo sana. Ukivuta zaidi, kubwa ndiyo inashika kazi. Tundu la ile ndogo halifiki hata nusu milimita. Petroli ikilala miezi ndani ya bakuli la kabureta, sehemu yake nyepesi huruka, inabaki kitu kama gundi, na gundi hiyo inaziba kwanza palipo pembamba. Ndiyo maana skrubu ya sailensi haikusaidia. Inafungua kilango cha kabureta kidogo tu ili jeti kubwa ibebe kazi ya ndogo, halafu injini ikipata moto inapitiliza.

Binamu, 10:03
Yangu nayo wiki hii inashuka hivyo hivyo. Nifungue?

Mjomba, 10:05
Yako ni ya injeksheni, haina kabureta wala jeti. Sailensi yake inasimamiwa na kompyuta. Mara nyingi ni uchafu kwenye koo la hewa au ile valvu ndogo ya sailensi. Skrubu iliyopakwa rangi kiwandani usiifungue hata ukishawishika. Nitafute pembeni baadaye.

Shangazi, 10:06
Hiyo pikipiki inawashiwa wapi? Nasikia kwenye sauti uliyotuma kama uko bandani.

Mimi, 10:07
Niko bandani shangazi, mlango uko wazi.

Shangazi, 10:08
Itoe nje kabisa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mlango wazi hautoshi. Itoe ndipo muendelee.

Mimi, 10:13
Imetoka.

Mjomba, 10:15
Ahsante dada. Sasa tuanze na hewa, ndiyo rahisi. Changanya maji na sabuni. Iwashe kwa choki, nyunyizia kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini, kuzunguka kote. Sauti ikibadilika, au povu likivutwa ndani, hapo ndipo panapopitisha hewa. Usitumie petroli kwa kazi hiyo, injini iko moto.

Mimi, 10:29
Nimenyunyizia kote mara mbili. Sauti haijabadilika. Mpira hauna ufa, klampu zimekaza.

Mjomba, 10:31
Basi ni jeti. Zima, iache ipoe. Funga koki ya mafuta. Chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia, weka chombo safi uone kinachotoka.

Mimi, 11:08
[Picha]
Imetoka ya rangi ya chai, inanuka kama rangi ya mlango. Chini ya chombo kuna chengachenga nyeusi.

Mjomba, 11:10
Sasa kabla hujachomoa chochote. Ile skrubu nyingine ndogo ya kabureta, ya mchanganyiko wa petroli na hewa, ikaze polepole sana huku ukihesabu raundi, na ukihisi imegusa simama hapo hapo. Usiibane. Ncha yake ni kama sindano, ikijikunja au kukatika humo ndani ni kununua kabureta. Andika namba hapa.

Mimi, 11:16
Moja na robo tatu.

Mjomba, 11:17
Vizuri, tutairudisha hapo hapo. Sasa fungua bakuli, chomoa jeti ndogo. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, shaba ni laini na mfereji unavunjika upesi. Ukishaitoa, itazame dhidi ya mwanga.

Mimi, 11:34
[Picha]
Mjomba sioni mwanga kabisa. Jeti kubwa napitisha macho hadi upande wa pili, hii ndogo ni giza.

Kaka, 11:35
Kumbe nilikuwa nakuongezea tatizo.

Mjomba, 11:38
Hapana, kila mtu huanza na skrubu hiyo. Jeti iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, saa nzima hivi. Kisha ipulize. Isipofunguka, chukua uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, pitisha taratibu. Waya wa chuma hapana, unapanua tundu na hapo petroli itazidi maisha yake yote. Pulizia pia vijia vya ndani ya kabureta, na fumba macho, dawa hiyo hurudi usoni.

Mimi, 13:02
Imefunguka! Naona kitone cha mwanga, cha duara kabisa. Nafunga.

Mimi, 13:47
Nimefunga kila kitu, nimeweka petroli mpya, skrubu ya mchanganyiko iko moja na robo tatu. Inawaka bila choki. Lakini mjomba, nikiachia mafuta bado inazima 😢

Mjomba, 13:49
Skrubu ya sailensi uliiacha wapi jana?

Mimi, 13:50
Niliilegeza karibu yote, kwa hasira.

Mjomba, 13:52
Basi sasa ndiyo zamu yake. Izungushe kulia mpaka injini izunguke bila kuzima, iache ipate moto dakika kumi. Kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko robo raundi huku na huku, iache pale sauti inapopanda zaidi na kutulia, halafu shusha sailensi. Pikipiki ndogo nyingi ni kama mizunguko 1,400 kwa dakika, angalia kitabu chake. Ukimaliza, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Sauti ikipanda, kebo ya mafuta imebana, na hilo ni hatari.

Mimi, 14:20
[Sauti, sekunde 38]
Imesimama. Nimegeuza usukani kote kote, sauti ni ile ile. Gia inaingia kimya.

Mama, 14:22
Nimeisikiliza mara mbili. Haiyumbi.

Kaka, 14:25
Mjomba, na ikirudia wiki ijayo?

Mjomba, 14:29
Ikirudia upesi, uchafu unatoka tangini, asafishe tangi na chujio. Ikirudia bila choki kusaidia, hapo tutapima nafasi za valvu za injini, zile zinazofungua na kufunga njia ya hewa na moshi. Zikibana, sailensi hushuka na kuwasha kunakuwa kugumu. Ila hupimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo aniite asubuhi kabla hajaiwasha.

Mimi, 14:31
Ahsante mjomba. Ile petroli ya zamani nimeiweka kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na nyumba. Nafungua na plagi niwatumie picha.