Mjusi wa Tendaguru: tudai arudi, au tuanze na mifupa iliyo stoo?

Wakuu, hoja ya mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kwenye kilima cha Tendaguru huko Lindi wakaipeleka Berlin, kila ikiibuka tunagawanyika vilevile. Kundi moja: "Ni mali yetu, arudi kesho." La pili: "Akirudi mtamweka wapi nyie?" Mimi siko na kundi lolote kati ya hayo, na naona yote mawili yanamsaidia Mjerumani bila kujua.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Anayesimama kwenye makumbusho ya Berlin tangu 1937 ni Giraffatitan brancai, mla majani aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kimo chake ni mita 13.27. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una mita 2.13, mwanamume mrefu akisimama kando yake anapitwa. Lakini hata huyo si mnyama mmoja. Ameungwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, palipo na pengo pakajazwa vya kuiga, na fuvu lililoko juu ya shingo ni nakala.

Halafu kuna wenzake, ambao humu hatajwi hata mmoja. Kilima kile kilitoa Kentrosaurus mwenye miiba mirefu hadi mkiani. Kikatoa Dicraeosaurus, ambaye shingo yake ni fupi kuliko za jamaa zake, na Elaphrosaurus mwembamba aliyetembea kwa miguu miwili. Kuna mabaki ya watambaazi warukao, na kuna taya dogo la mamalia ambalo ungelikanyaga usilione. Enzi hizo bahari ilikuwa ikiingia na kutoka pale, ndiyo maana tabaka zenye mifupa zinapishana na tabaka zenye makombe. Kati ya 1909 na 1913 zilisafirishwa tani kama 225. Sasa mkidai "mjusi arudishwe", mnadai kipande kimoja cha shehena, tena kile ambacho Berlin itakigombania kuliko vyote.

Je, viliibwa? Mnaosema "walichimba kihalali" mnasahau uhalali huo aliutunga nani. Vita ya Maji Maji ndiyo kwanza ilikuwa imezimwa, kusini kuna njaa na makaburi, na kilima kikatangazwa kuwa ardhi ya dola la Kijerumani. Kweli, vibarua walilipwa. Ila kumlipa mtu ujira wa kuvuna hakukufanyi uwe umelinunua shamba. Kazi ilipopamba moto watu walikaribia 500, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jina la Boheti likaja kupewa mjusi, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu miaka 100 baadaye! Majina ya wakubwa wa Berlin wanyama hao walipewa mapema sana.

Hoja ya "hatuwezi kutunza" inaniudhi kidogo. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lililookotwa Olduvai 1959, lilirudi nchini kutoka Nairobi mwaka 1965 na mpaka leo lipo. Ila tusidanganyane pia: fuvu unaliweka kabatini, na mjusi wa mita 13 anataka jengo, fremu ya chuma na mafundi wa kudumu. Anayesema gharama si tatizo hajapiga hesabu.

Kuna aliyetoa mfano wa Brazil, kwamba mwaka 2023 Ujerumani iliirudisha Ubirajara, ile dinosaria ndogo iliyokuwa kwenye makumbusho ya Karlsruhe. Mfano mzuri, lakini wenzetu walikuwa na sheria yao ya 1942 inayofanya visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) kuwa mali ya taifa. Sisi 1909 hatukuwa na bunge la kutunga sheria hiyo. Na msimamo wa serikali yetu, kama alivyoueleza marehemu Augustine Mahiga, Waziri wa Mambo ya Nje wakati huo, Mei 2018, ulikuwa kutodai arudishwe bali kutaka ushirikiano katika uchimbaji na utafiti. Sasa huo ushirikiano tuupe meno.

Pendekezo langu: tuanze na vilivyo stoo. Berlin wana vifurushi vya mianzi vya Tendaguru ambavyo mpaka leo havijafunguliwa. Hivyo vije, vifunguliwe hapa, na vijana wetu wa jiolojia wafundishwe kwa kuvifanyia kazi wenyewe. Hakuna mtalii wa Berlin atakayeona pengo, kwa hiyo wakikataa hivyo, tutajua kwamba kisingizio cha "ni mkubwa, ni dhaifu kusafirishwa" hakikuwa sababu. Baada ya hapo tudai mifupa iliyotumika kuwapa wanyama hao majina ya kisayansi, mmoja baada ya mwingine. Aliyesimama awe wa mwisho.

Najua mtaniambia naomba makombo. Sawa, nijibuni kwa hoja. Na nyie wa Lindi ndio nataka kuwasikia zaidi: vikija, vikae mjini Lindi ambako kuna barabara na umeme wa uhakika, au huko kijijini karibu na kilima chenyewe? Maana Dar es Salaam nao wameshaanza kuvimezea mate.