Jiko la kuni la kupasha nyumba joto: la chuma, la roketi au la matofali?

Mjenzi_Mpya
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijanunua vifaa. Nataka kujenga jiko la kuni la kupasha nyumba joto, si la kupikia. Nimebaki na njia tatu: sanduku la chuma la kuchomelea, roketi lenye pipa na benchi la udongo (moto unapanda kwenye mnara ulio ndani ya pipa, kisha moshi wa moto unapita ndani ya benchi), au jiko zito la matofali. Lipi linakula kuni kidogo na joto lake linadumu? Kuni ninazo.

KuniKavu
"Kuni ninazo" haitoshi, mkuu. Zilikatwa lini? Zimepasuliwa? Chumba kina ukubwa gani, sakafu ni zege au mbao? Mnashinda nyumbani au mnarudi jioni? Usipojibu hayo, kila mmoja hapa atakutajia jiko analolipenda yeye.

FundiTofali
Matofali, bila kusita. Unawasha moto mkali saa moja na nusu, unauacha uishe, ukuta unatoa joto usiku kucha. Tani moja ya matofali ikipanda nyuzi 50 imebeba karibu kilowati-saa 12. Kilo moja ya kuni kavu ina kama 4, kwa hiyo hata ukitoa kinachopotea bombani, kilo 4 hivi zinatosha kuujaza ukuta huo.

Sanduku la chuma halina pa kuweka joto, ndiyo maana watu hubana hewa usiku ili moto "ulale". Hapo ndipo kuni zinapopotea. Sehemu kubwa ya nguvu ya kuni imo kwenye gesi inayotoka zikipata moto, na gesi hiyo inataka nyuzi 600 hivi na hewa ya kutosha ili iungue. Ukiinyima hewa inapanda bombani mbichi, inakutana na ubaridi, inaganda kuwa lami nyeusi. Lami hiyo ikishika moto siku moja, bomba zima linakuwa jekundu.

Mchomeleaji
Hilo ni kosa la mwashaji na la jiko lililojengwa vibaya. Tumia bati la milimita 5 au 6, panga matofali ya kuhimili moto pembeni na nyuma, juu weka sahani ya kuzuia mwali usikimbilie bombani. Chini ya sahani pitisha mirija yenye matundu ya milimita 5. Hewa inayopita humo inafika imeshapata moto, inachoma gesi, na unaona vimwali vikitoka kwenye kila tundu. Ukiona hivyo, toka nje uangalie bomba: moshi hauonekani.

Halafu dakika 20 chumba kimepata joto. La matofali likiwa limepoa unalingoja saa kadhaa.

Roketi_J
Roketi linampa vyote viwili: pipa linapasha chumba mara moja, benchi linatunza. Ila vipimo havibembelezwi. Mdomo wa kuni, mtaro wa moto na mnara viende 1:2:4, mfano sm 30, 60 na 120. Eneo la ndani lisipungue popote: kama bomba lako lina kipenyo cha sm 20, hiyo ni sm za mraba 314 kuanzia mdomoni hadi nje. Kati ya ncha ya mnara na kifuniko cha pipa acha angalau sm 5. Kwenye kila kona ya benchi weka kilango cha kuzolea majivu. Rangi ya pipa ichomwe nje, kabla halijaingia ndani.

Mchomeleaji
Mnara si naweza kutumia bomba la chuma nene? Kazi ya siku moja.

Roketi_J
Usithubutu, ndugu. Lipo roketi lililojengwa hivyo hivyo: bomba la milimita 6, perlaiti (punje nyepesi za mwamba zinazozuia joto) imejazwa kuzunguka, pipa juu. Wiki za kwanza lilivuma vizuri ajabu. Msimu haujaisha likaanza kurudisha moshi kupitia mdomo wa kuni. Wakasafisha bomba la nje, hakuna kitu. Wakaongeza urefu wa bomba, moshi ule ule. Pipa lilipofunguliwa, mnara ulikuwa umebanduka magamba meusi, unayavunja kwa vidole kama kaki. Pale mtaro unapokata kona kwenda juu palikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na perlaiti yote ilikuwa imemwagikia mtaroni na kuuziba nusu.

Sababu ni kwamba perlaiti inazuia joto lisitoke, chuma hakina pa kupoa, na kwenye joto hilo chuma cha kawaida kinaliwa na hewa. Mnara ujengwe kwa matofali mepesi ya kuhimili moto, au blanketi la nyuzi za kauri. Ukilikata blanketi hilo vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

FundiTofali
Hapo nakubali. Niongeze kuhusu saruji: isikaribie moto. Ikizidi nyuzi 400 hivi inapoteza maji yaliyoishikanisha na kugeuka unga. Tumia udongo wa mfinyanzi na mchanga, 1 kwa 3, na utepe wa milimita 5 wa kadibodi kati ya kiini cha moto na ukuta wa nje. Kadibodi itaungua na kuacha nafasi ya kiini kutanuka. Bila nafasi hiyo ukuta unapasuka kuanzia juu ya mlango.

Mjenzi_Mpya
Asanteni. Chumba ni mita 5 kwa 6, dari mita 2.7. Tupo nyumbani jioni na alfajiri. Sakafu ni ya mbao juu ya nguzo. Kuni zilikatwa miezi miwili iliyopita, bado ni magogo.

KuniKavu
Sakafu ya mbao! Hilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza.

FundiTofali
Bado inawezekana. Kata sakafu, shusha msingi wa zege hadi ardhini, ujitegemee bila kugusa mbao.

Mchomeleaji
Au achana na tani nzima. Sanduku la kilo 150, chini yake tabaka la kuzuia joto, sm 90 kutoka ukuta wowote wa mbao, bomba lipande wima.

Roketi_J
Pembeni mwa sanduku hilo unaweza kusimamisha ukuta mwembamba wa matofali, acha upenyo wa hewa. Si benchi, lakini utakuta vuguvugu alfajiri.

KuniKavu
Lolote mtakalochagua, wekeni king'ora cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa), na msifunge kilango cha bomba makaa yakiwa bado mekundu. Gesi hiyo haina harufu.

Halafu magogo ya miezi miwili hayatafaa jiko lolote kati ya haya. Pasua leo. Kata kipande katikati ya gogo, kipime, kikaushe kwa joto la kama nyuzi 100, ukipime tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Tofauti gawa kwa uzito wa mwanzo. Unatafuta chini ya asilimia 20.

Mjenzi_Mpya
Nimepima. Gramu 640 mwanzo, 410 mwisho.

KuniKavu
Asilimia 36. Katika kila kilo 10 unazobeba, zaidi ya 3 na nusu ni maji. Msimu huu tafuta kuni nyingine. Hizo ulizopasua zipange juu ya vijiti, zisiguse ardhi, paa juu na pembeni wazi.

FundiTofali
Ni mti gani lakini? Kama ni wa utomvu, hilo nalo tulizungumze.